Mkwe Kwenye Skramu

Constantine wa Kasoli hakuwahi kuutafuta mchezo wa raga. Raga ndiyo iliyomkuta yuko juu ya lori la pamba, kifua wazi, anagombana na dereva.

Ulikuwa msimu wa ununuzi, wakati ambao Kasoli nzima huwa nyeupe kuanzia barabarani hadi kwenye masharubu ya wazee. Dereva alitaka magunia yapangwe haraka aondoke. Constantine alitaka yapangwe vizuri yasianguke. Chini kwenye kivuli cha lori alisimama Sadick, muuza vipuri wa Somanda, aliyekuwa amemletea dereva huyo mkanda wa injini. Sadick hakusikiliza ugomvi. Alikuwa anamtazama mpakiaji: jinsi anavyolipokea gunia kifuani, anageuka nalo, kisha analikalisha mahali pake bila hata kuhema.

"Kaka, una kilo ngapi wewe?" Sadick akauliza kutoka chini.

"Mimi siyo pamba," Constantine akamjibu. "Sipimwi."

Sadick akacheka mpaka akashika tairi. Kisha akamwambia Jumamosi afike uwanja wa shule pale Somanda, kuna kazi ya kusukumana isiyo na malipo. Constantine aliuliza kama kuna chakula. Sadick akasema kuna chai na mihogo. Basi, ndivyo Klabu ya Marobota ya Bariadi ilivyompata mtu wake mzito kuliko wote, kwa mihogo.

Huyu Sadick lazima nimweleze kidogo. Baba yake alihamia Bariadi kufanya biashara, yeye akakulia kwa mjomba Arusha, na huko ndiko alikojifunza raga. Alirudi kwao na mpira mmoja wa umbo la yai, pengo moja la jino la mbele, na imani kwamba Simiyu ni mkoa uliokuwa ukiingojea raga bila kujijua. Watu walimwonea huruma. Siku ya kwanza ya mazoezi, mama mmoja jirani na uwanja aliona vijana wanaangushana chini, akaenda mbio kuita mgambo. Mgambo alikuja na rungu, akatazama nusu saa nzima, akauliza kama nafasi bado zipo. Alicheza msimu mmoja, akahamishiwa Meatu.

Baada yake wakaja wengine. Alikuja Imrani wa bodaboda, mwepesi, anakimbia kama mtu aliyeona trafiki na hana leseni. Alikuja Josia, muuguzi, anayekuangusha kisha anakufunga bandeji yeye mwenyewe, na kukulaumu kwamba hukuanguka vizuri. Alikuja Keneth, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Na kutoka familia ya wauza ng'ombe akaja Doto, kijana mrefu mwenye mabega mapana na maneno machache. Jina la Marobota lilitokana na kiwanda cha kuchambua pamba, maana wengi wao waliwahi kubeba marobota pale, na wasiobeba walikuwa na ndugu waliobeba.

Kwa Constantine shida ilikuwa moja. Katika raga, ukitaka kumpa mwenzako mpira kwa mkono, sharti umrushie nyuma. Mbele ni kosa. Na huyu bwana ujana wake wote alikuwa amerusha mizigo mbele, kwa sababu kwenye lori ukirusha nyuma unamvunja mtu shingo. Kila alipopata mpira aliurusha mbele, refa anapuliza kipyenga, Sadick anashika kichwa. Mwishowe Sadick akampa ushauri uliotoka moyoni: "Kosta, wewe ukipata mpira usimpe mtu. Nenda nao."

Naye akawa anakwenda nao. Hiyo ilikuwa Marobota mpya kabisa.

Lakini mahali alipong'ara hasa ni kwenye skramu, na hapa itabidi nieleze vizuri, bila hili hutaelewa balaa lililofuata. Wenye aibu wafumbe jicho moja. Skramu ni pale watu wanane wa upande huu wanapoinama na kushikana, wakakabana na wanane wa upande ule, wasukumane mpaka mpira utoke. Mbele wanakaa watatu wazito. Nyuma yao wanainama wengine, wanaingiza vichwa katikati ya mapaja ya wale wa mbele, na mabega yao wanayabandika kwenye makalio ya wenzao. Ndiyo, makalio. Mchezo ulitoka kwa watu wengine, sisi tumeupokea ulivyo.

Constantine alikaa mbele. Nyuma yake, bega kwenye kalio lake, alikaa Doto.

Misimu miwili walisukuma hivyo, kama maksai waliofundishwa plau pamoja. Doto alikuwa akimwita Kosta, kama wachezaji wote. Wakigombana wanatukanana, wakishinda wanakumbatiana, wakishindwa wanakula mihogo kimyakimya. Na Constantine, mtu wa miaka arobaini na ushei, baba wa watoto wanne, alimwambia mkewe Benadetha jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu mwingine. Alisema kwamba tangu utoto wake mzigo wake ameubeba peke yake. Mpakiaji anasaidiwa kutwishwa, lakini gunia likishakaa mgongoni ni lake. Pale kwenye skramu ndipo mara ya kwanza maishani alipohisi kuna mtu nyuma yake anamsukuma, hamwachii. Alisema jambo hilo linampa furaha hata linamtia aibu. Benadetha akamwambia kula, chakula kinapoa, ila alilikumbuka.

Sasa tuje kwa Rachel, binti yao mkubwa. Rachel alikuwa na cherehani kwenye kibaraza cha duka moja pale Somanda, na kwa kuwa baba yake ni Marobota, jezi za klabu zilizochanika zilipelekwa kwake. Jezi huchanika, hilo si ajabu. Ila Benadetha, aliyekuwa akipita pale kila jioni, aliona kwamba jezi ya Doto inachanika kila wiki, tena mahali palepale, tena hata wiki ambayo hakukuwa na mazoezi.

"Huyu kijana anacheza na nani?" akamuuliza binti yake.

Rachel akatia uzi kwenye sindano mara tatu, uzi haukuingia. Mama akapata jibu lake.

Mambo yakaenda kama yanavyopaswa kwenda. Upande wa Doto ukatuma mshenga. Upande wa Constantine msemaji alikuwa kaka yake mkubwa, Athanasi, mfugaji wa Migato, kwa sababu baba yao alishafariki na katika ukoo ule neno la kaka mkubwa ndilo linalofunga zizi. Athanasi alikuwa mtu wa mila mpaka kwenye kucha. Alikuwa mrefu, mkavu, fimbo haimtoki mkononi, na kama amewahi kubadili mawazo basi alifanya hivyo porini bila shahidi. Walikaa, wakaongea ng'ombe, wakaelewana. Ng'ombe wa kutangulia wakaswagwa hadi zizini kwa Athanasi. Watu wakala, wakanywa, kina mama wakapiga vigelegele. Constantine alikuwa na furaha ya kweli. Kati ya vijana wote wa Bariadi, binti yake alikuwa amechagua yule ambaye yeye mwenyewe angemchagua.

Kabla ya kuondoka, Athanasi akamwita kando.

"Mdogo wangu, kuanzia leo yule ni mkwe."

"Ndiyo, kaka."

"Mkwe haguswi. Akikuona njiani, apinde. Asikupe mkono, asikae nawe benchi moja. Baba alikuwa hivyo kwa wakwe zake, na babu alikuwa hivyo. Mwili wako na mwili wake visikutane."

Constantine akakohoa. Alikohoa muda mrefu. Athanasi alikuwa anajua kuwa mdogo wake anacheza mpira mjini, lakini alidhani ni ule wa miguu, wa watu kukimbia kila mmoja kivyake.

Jumamosi iliyofuata Sadick akaita skramu. Wakainama. Constantine akasubiri bega, bega halikuja. Akageuza shingo akamwona Doto amesimama mbali kidogo, mikono nyuma, anatazama milingoti ya mkaratusi waliyoisimika kama magoli, utadhani ndiyo kwanza anaiona.

"Doto! Ingia!" Sadick akapaza sauti.

Doto akatazama chini. "Siwezi, kocha. Yule ni baba mkwe."

"Mkwe ni nyumbani! Hapa ni jezi namba moja na jezi namba nne!"

"Sadick," Constantine akasema akiwa bado ameinama, "ukwe hauna uwanja."

Walijaribu kila njia, nawaambia. Walimhamisha Doto upande wa pili wa skramu, lakini skramu ikianguka huanguka yote, na mara mbili walijikuta wamelaliana, wakaruka kila mmoja upande wake kama waliokanyaga siafu. Josia, kwa akili zake za hospitalini, akashauri kuwe na kitu katikati, ili kisheria wasigusane. Wakatafuta gunia tupu la pamba, likawekwa kati ya bega la mkwe na kalio la baba mkwe. Gunia likateleza, likamfunika Keneth uso, akasukumwa gizani akipiga kelele za kufukuza wanafunzi. Mwisho Sadick akakata tamaa, akampeleka Doto pembeni kabisa, winga, mahali pa watu wepesi. Doto akasimama kule pembeni kama ng'ombe aliyefungwa kwenye baiskeli. Nyuma ya Constantine akawekwa Keneth.

Kisha ikaja mechi ya kirafiki na vijana wa Maswa, na hapo ndipo kila mtu alipoona ukubwa wa tatizo. Constantine alipata mpira, akaenda nao kama alivyoagizwa, akaangushwa. Katika raga mwenzako akianguka na mpira unamkimbilia, unasimama juu yake kuulinda. Wa kwanza kufika alikuwa Doto. Alifika mbio, akamwona aliyelala ni nani, akafunga breki. Akainamisha macho. Akapinda, akapita mbali kwa adabu zote, kama mila inavyotaka. Vijana wa Maswa wakauokota mpira wakaenda kufunga, hata hawakukimbia sana.

Alikuwa mkwe mwema kabisa. Kama mchezaji, siku hiyo alikuwa hasara tupu.

Watu walicheka Bariadi nzima, na kicheko kina miguu, kikatembea mpaka Migato. Athanasi akapiga simu.

"Nasikia yule kijana amekuwa akikuwekea kichwa makalioni."

"Ilikuwa zamani, kaka."

"Zamani ya lini?"

"Kabla ya posa."

Constantine akasikia ng'ombe wakilia upande wa pili. Kisha kaka yake akasema polepole kwamba aliyepokea neno la wale watu ni yeye. Kijana akimgusa tena baba mkwe wake, huko uwanjani au popote, yeye Athanasi atawarudisha ng'ombe wao mchana kweupe, na harusi itakuwa imeishia hapo. Wala hakuwa anatania. Aliwahi kuvunja posa ya shangazi kwa jambo dogo kuliko hilo.

Constantine alikaa na maneno hayo siku kadhaa. Alikuwa na mambo mawili anayoyapenda, na moja lilikuwa linamla mwenzake. Binti hawezi kuachwa kwa ajili ya mpira, hilo halikuhitaji hata kufikiriwa. Kwa hiyo kilichobaki ni kuacha mpira. Akaamua kwamba atacheza mechi moja ya mwisho, ile ya Lamadi, kisha atamrudishia Sadick jezi yake. Alipomwambia Benadetha, mkewe akaweka mwiko chini.

"Utaacha kabisa?"

"Sasa nifanyeje? Kwa kusukumwa na Keneth hatutashinda hata skramu moja, na Doto hawezi kucheza kwa hofu ya kunigusa. Mmoja wetu akiondoka klabu itapona. Yeye ndiye kijana."

Benadetha akauokota mwiko. Usiku ule hakumtania hata kidogo, na Constantine akajua mkewe amehuzunika kweli. Rachel naye aliposikia akaja kwa baba yake akilia, anasema yeye ndiye aliyemharibia. Constantine akamwambia hajaharibu kitu, ameleta kijana mzuri. Ila aliposema hivyo aliangalia pembeni.

Siku ya mechi Lamadi walikuja kwa lori la samaki. Timu yao inaitwa Sangara, wavuvi na wachuuzi wa samaki kutoka kandokando ya ziwa kule Busega, watu waliovuta nyavu tangu hawajaota meno ya pili. Mikono yao ukiishika unadhani umeshika kasia. Walishuka wakiimba, wananukia dagaa, wana kuku wawili waliowaletea wenyeji kama zawadi. Uwanja ulikuwa umejaa. Mistari ilikuwa imechorwa kwa majivu, na pembeni ya mstari mmoja, juu ya kigoda alichokuja nacho mwenyewe kutoka Migato, alikaa Athanasi, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa amekuja kuhakikisha.

"Mwadila, kaka," Constantine akamwamkia.

"Mwadila. Nitakuwa nakutazama."

Benadetha akavuta stuli akakaa karibu na shemeji yake, na huyu mama, nasema wazi, sijawahi kuona mtu mwerevu kama yeye. Hakumwomba chochote. Alikaa tu, akawa anamjibu maswali.

Mchezo ukaanza na Marobota wakaanza kuteseka. Imrani alifunga mara moja kwa mbio zake, lakini kila skramu ilipoitwa, Sangara waliwasukuma nyuma kama mtu anayefunga mlango. Constantine alichimba kwato, uso umemwiva, mishipa ya shingo imesimama. Nyuma yake Keneth alikuwa anasukuma kwa sauti zaidi kuliko kwa bega.

"Mbona wanarudi nyuma?" Athanasi akauliza.

"Aliye nyuma ya mdogo wako ni mwepesi, shemeji."

"Si wamweke mzito?"

"Mzito ni yule kule pembeni. Yule mkwe."

Athanasi akamtazama mkwe kule pembeni. Skramu nyingine ikaitwa, ikarudi nyuma tena. Kumbuka huyu ni mtu aliyelima kwa maksai tangu akiwa mtoto. Unaweza kumtukana Athanasi asiseme kitu, ila ukifunga plau vibaya mbele yake atashindwa kula. Benadetha aliona fimbo imeanza kugongagonga chini.

"Yaani mzito wamemwacha anakula majani," akanung'unika, "wamefunga ndama."

"Ndiyo hivyo, shemeji."

"Huyu anayepanga ni nani?"

"Ni Sadick. Lakini hakupenda. Ni kwa ajili ya mila zetu."

Athanasi akamtazama shemeji yake kwa jicho kali. Benadetha alikuwa anatazama uwanja, uso mkavu kabisa.

Zilipobaki dakika chache, Marobota wakiwa nyuma sana, mpira ukamwangukia Constantine mikononi karibu na mwisho wa upande wa Sangara. Hakufikiria kumpa mtu. Alikwenda nao. Mvuvi wa kwanza akamrukia, Constantine akambeba. Wa pili akamshika kiuno, akamburuza naye. Wa tatu akamshusha. Akaanguka, mpira umebanwa kifuani, mstari wa majivu uko pale mbele, angeweza kuugusa kama angekuwa na mkono mrefu kidogo. Sangara wakaanza kurundikana juu yake na kuuchomoa mpira.

Wa kwanza kufika alikuwa Doto.

Alifika akasimama. Watu wote walimwona. Mwili wake ulikuwa unakwenda mbele na miguu imekataa, mikono anaifungua na kuifunga. Macho yake yalikwenda kwa Constantine pale chini, yakaenda kwa Rachel aliyekuwa ameziba mdomo kwa kanga, yakarudi. Kisha akaanza kupinda.

Hapo kigoda kikaanguka. Athanasi alikuwa amesimama, tena yuko ndani ya uwanja, fimbo juu, na sauti yake ya kuitia ng'ombe bondeni ikapasua kelele zote. Alisema kwa Kisukuma, na kila aliyeelewa alisikia:

"Wewe mtoto! Unamwacha baba yako chini? Msukume!"

Doto akageuka, hakuamini. Akajigusa kifua kuuliza kama ni yeye.

"Wewe, ndiyo! Inama! Shusha mgongo! Msukume!"

Doto akainama. Aliingia pale kwa mabega yote mawili na uzito wake wote, pamoja na adabu yote aliyokuwa ameibana tangu siku ya posa. Constantine alihisi limempata kwa nyuma, bega analolijua, hata angefumbwa macho angelijua. Rundo zima likatikisika, likasogea, wavuvi na wapakiaji na mpira, likavuka majivu. Refa akapuliza kipyenga akanyoosha mkono. Trai, bao la raga!

Uwanja ulilipuka, kisha ukanyamaza ghafla, kwa sababu watu walikumbuka.

Constantine alibaki amelala kifudifudi, vumbi limejaa mdomoni. Wengine waliwaza pointi. Yeye aliwaza ng'ombe wakitoka zizini Migato wakirudi kwa wenyewe, na Rachel amesimama mlangoni anawatazama. Hakutaka kuinua uso. Aliona miguu ya kaka yake imekuja imesimama karibu na kichwa chake, viatu vya matairi, ncha ya fimbo. Refa alikuwa anamwambia mzee atoke uwanjani, mzee hamsikii.

"Mila imevunjwa," Athanasi akasema.

"Ndiyo, kaka," Constantine akajibu kwenye vumbi.

"Mbele ya watu."

"Ndiyo."

Doto alikuwa amepiga magoti kando. "Mzee, ni mimi. Nihukumu mimi."

"Nyamaza wewe, hujaulizwa." Athanasi akavuta pumzi. Alizungusha macho kwa watu waliokuja kutoka Migato, waliokuwa wote wamekodoa macho, wakingoja. Kwa mara ya kwanza Constantine alimwona kaka yake hajui aweke wapi fimbo yake. "Aliyevunja ni yule aliyeamuru. Sauti iliyoamuru nimeisikia kwa masikio yangu, na ninaijua ni ya nani. Faini ya kuvunja ni kondoo. Nitatoa kondoo."

Hakuna aliyecheka mara moja. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa Benadetha, kikamtoka kwa nguvu mpaka akajifuta machozi, halafu uwanja mzima ukamfuata, na Sangara wakacheka bila kujua wanacheka nini. Athanasi alisubiri waishe. Kisha akatoa hukumu yake, akionyesha mistari kwa fimbo. Nyumbani na njiani mkwe ni mkwe, apinde na aheshimu kama zamani. Ndani ya majivu haya, asukume. Na kuanzia sasa ni marufuku kumfunga ndama mahali pa fahali, kwa sababu hilo nalo ni kosa kwa ukoo.

Mechi ilimalizika Sangara wakiwa wameshinda kwa mbali, kama unataka kujua. Lakini Marobota ndio waliobebana. Sadick alisema katika maisha yake hajawahi kushindwa vizuri namna ile, na wavuvi wakala kuku wao wenyewe pamoja na wenyeji, wakaondoka wakiimba.

Kondoo alifika Jumamosi iliyofuata, na Athanasi alimleta mwenyewe. Alisema amekuja kulipa faini tu na ataondoka mara moja. Lakini mazoezi yalipoanza alisogeza kigoda, akakisogeza tena, mpaka akawa karibu na wachezaji kuliko kocha.

Sadick akaita skramu. Constantine akainama mahali pake, akawashika wenzake, akatazama majani makavu katikati ya miguu yake. Kabla ya mechi ya Lamadi alikuwa amejiandaa kwa wiki nzima kuacha kitu hiki. Jezi alikuwa tayari ameshaifua na kuikunja. Nyuma yake akasikia hatua nzito zinakuja, zinasita kidogo, kisha bega likakaa.

"Baba," Doto akasema kule nyuma. Tangu waanze kucheza pamoja hakuwahi kumwita hivyo, siku zote alikuwa Kosta. "Uko tayari?"

Machozi yalikuwa yamemjia Constantine, yanadondoka moja kwa moja kwenye vumbi kwa vile alivyoinama, na Josia aliyekuwa ameshikana naye ubavuni aliyaona, akanyamaza kama muuguzi anavyojua kunyamaza.

"Niko tayari, mwanangu," akasema.

Pembeni Athanasi akapiga kelele washushe migongo.